Springi Hazichaguliwi kwa Macho

Katika mambo ambayo wasomi wetu hawapendi kuyaandikia, moja ni gari. Hulipanda, hulisifu, hulikopea fedha, na wengine hulipenda kuliko vitabu vyao. Lakini huona haya kulitia katika insha, kana kwamba chuma na mafuta ni mambo ya gereji tu, na kalamu iliumbwa kwa mashairi na siasa. Mimi sioni hivyo. Kitu kinachobeba watu watano kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kina haki ya kufikiriwa na watu wenye elimu, na kufikiriwa kwa lugha wanayoisema watu hao watano. Kwa hiyo nataka kupingana hapa na desturi moja iliyoenea miongoni mwa vijana wetu, na miongoni mwa wazee wasiotaka kuuacha ujana; nayo ni desturi ya kuzishusha sedani za kasi kwa springi zilizochaguliwa kwa macho.

Sedani ya kasi ni gari la milango minne, lenye buti nyuma, viti vya familia ndani, na injini yenye nguvu kupita haja ya familia. Ni viumbe wawili katika mwili mmoja: baba wa nyumbani na kijana wa mashindano. Katika Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam mfano wake unaojulikana sana ni Subaru Impreza WRX, gari litokalo Japani, aghalabu likiwa limekwisha kutumiwa huko na mtu mwingine. Mwenye kulipata, mara nyingi hamu yake ya kwanza si kujua hali ya breki wala umri wa tairi. Hulitazama kwa ubavuni, akaona nafasi iliyo wazi baina ya tairi na ukingo wa bodi, akaichukia. Nafasi hiyo humtia aibu kama kanzu fupi. Basi huenda dukani, na swali lake ni moja tu: "Hizi zinashusha kiasi gani?" Huambiwa milimita 30, au 40, au 50, naye huchagua kama mtu achaguavyo urefu wa suruali.

Swali hilo ndilo shina la upotevu wote. Springi, au kamani kama walivyozoea kusema wazee, haikuwekwa chini ya gari ili iamue sura yake. Iliwekwa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba uzito. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kulipa gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, ili tairi ishikamane na njia wakati njia yenyewe haiko sawa. Tairi isiyoigusa njia haina usukani, haina breki, wala haina mwendo. Injini ya thamani gani itamfaa dereva ikiwa tairi zake ziko hewani? Anayeuliza springi hushusha kiasi gani, pasipo kuuliza hubeba kiasi gani na huacha nafasi gani, amelipima jambo kwa kivuli chake.

Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa: kadiri nguvu inavyozidi, ndivyo springi inavyovutika au kubonyea, na uwiano wake haubadiliki mpaka springi ifikie kikomo chake. Kanuni hiyo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, hujibiwa katika mtihani, na wengi hupata alama nzuri. Kisha mwanafunzi yule yule, akiisha kuwa mtu wa mshahara, huingia katika duka la vipuri akaiacha kanuni mlangoni pamoja na vumbi la viatu vyake. Elimu inayoachwa mlangoni mwa duka si elimu, ni cheti. Hili ndilo linalonifanya nilete shauri hili mbele ya wasomi badala ya kulipeleka kwa mafundi peke yao. Fundi hufanya aliloagizwa. Aliyeagiza ni nani?

Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayainui gari wala hayalishushi. Chukua pembe moja ya sedani inayobeba kilo 350, na springi ambayo, ikipimwa penye gurudumu, huhitaji kilo 2.5 ili kubonyea milimita 1. Tuseme kwamba gari likisimama tupu, gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 80 kabla ya kufika kwenye kipande cha raba kilichowekwa ili chuma kisigonge chuma. Kipande hicho nitakiita raba ya kikomo. Sasa mwenye gari ameweka springi inayoshusha milimita 30. Nafasi ya kupanda imebaki milimita 50. Hakuna fundi wala muuzaji awezaye kuibadili hesabu hii kwa maneno matamu: kila milimita iliyotolewa machoni pa watazamaji imetolewa katika akiba ya gurudumu.

Wauzaji watajibu kwamba springi fupi hutengenezwa kuwa ngumu zaidi, na ugumu huo hulipa kilichopunguzwa. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ukweli nusu ni mwuzaji hodari. Kazi ambayo springi huweza kuimeza kabla ya kufika kikomo haifuati ugumu peke yake. Hufuata ugumu ukizidishwa kwa mraba wa nafasi. Mraba wa 80 ni 6,400, na mraba wa 50 ni 2,500. Basi ili springi fupi imeze kishindo kile kile ilichokimeza ya zamani, hapana budi iwe ngumu mara 2.56. Lakini springi zinazouzwa kwa magari ya njiani hazifanywi hivyo, kwa maana gari lingekuwa kama mkokoteni, na mnunuzi angezirudisha kesho yake. Tuseme ni ngumu zaidi kwa sehemu 30 katika mia. Zidisha 2,500 kwa 1.3, utapata 3,250. Hiyo ni karibu nusu tu ya 6,400. Mwenye gari amelipa fedha, na alichokipata ni nusu ya kinga aliyokuwa nayo bure.

Wala hatujampandisha abiria hata mmoja. Sedani ya kasi ni gari la familia, na familia ina watoto, mashangazi, magunia na masanduku. Tuseme watu watatu wameketi nyuma na buti limejaa, hata kila gurudumu la nyuma likaongezewa kilo 100. Springi ya zamani itabonyea milimita 40, na katika nafasi ya milimita 80 zitabaki 40. Springi fupi, kwa kuwa ni ngumu zaidi, itabonyea kama milimita 31 tu; lakini nafasi yake ilikuwa 50, basi zitabaki 19. Gari hilo likitoka Nairobi kwenda Mombasa usiku, likakuta shimo katikati ya kona, milimita 19 ndizo zinazosimama baina ya familia ile na raba ya kikomo. Na raba ikifikiwa, gurudumu lile huwa kama halina springi tena. Likiwa la mbele, gari hukataa kukata kona na kwenda linakotaka lenyewe. Likiwa la nyuma, mkia hutoka njiani. Dereva atasema gari lilimgeuka. Halikumgeuka, alikuwa amekwisha kuligeuza yeye, siku alipolipa dukani.

Hapo atasimama mtetezi wa pili, mwenye elimu kidogo zaidi kuliko wa kwanza, naye atasema: "Gari la chini lina kitovu cha uzito kilicho chini, kwa hiyo hushika kona vizuri zaidi." Asemalo ni kweli, lakini hakulipima, na ukweli usiopimwa hudanganya kama uongo. Sedani ya kilo 1,500, yenye kitovu cha uzito sentimita 55 juu ya ardhi na upana wa sentimita 150 baina ya magurudumu yake, ikikata kona kwa nguvu ya pembeni iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wake, huhamisha kilo 440 kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Ishushe kwa sentimita 3, ukadirie kwamba kitovu chote kimeshuka kwa kiasi hicho. Sasa huhamisha kilo 416. Faida ni kilo 24, chini ya sehemu 6 katika mia. Sikatai kwamba katika mashindano, ambapo sehemu moja ya sekunde hununuliwa kwa fedha nyingi, hilo ni jambo. Nauliza tu: ni mizani gani iliyo sawa ambayo huweka upande mmoja sehemu 6 katika mia, na upande wa pili nusu ya kinga, kisha ikaona upande wa kwanza ni mzito?

Tena faida hiyo ndogo haiji peke yake. Katika Impreza, kama katika magari mengi ya siku hizi, magurudumu ya mbele hushikwa kwa mguu wa aina iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson: springi na shokapu zimesimama pamoja juu, na mkono mmoja wa chuma umelala chini. Pembe ya mkono huo ina siri kubwa. Ndiyo inayoamua mahali ilipo nukta ambayo bodi huizunguka inapoinama konani. Gari likishushwa, mkono huinuka upande wa gurudumu, na nukta ile hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka. Matokeo yake ni kwamba umbali baina ya viwili hivi huongezeka, na bodi hupata wenzo mrefu zaidi wa kuinamia. Mtu aliyeshusha gari ili lisiiname amelipa sababu mpya ya kuinama. Na sehemu ya ule ugumu wa springi anaojivunia hutumika kulipa deni ambalo springi hizo hizo zimelifanya. Aidha zile fimbo za usukani ambazo mafundi huziita tairodi hubadili pembe zao, hata gurudumu likipanda juu ya tuta huweza kugeuka kidogo pasipo dereva kugeuza mkono. Na tairi zikisimama kwa kuinamia ndani, bila alaimenti kurekebishwa, huliwa upande wa ndani, upande usioonekana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuje katika shokapu. Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Springi ndiyo ibebayo. Shokapu ni mwalimu wa springi, aizuiaye isiendelee kucheza baada ya kishindo kupita. Gari letu la mfano, likiwa na springi ya zamani, hupenda kupanda na kushuka kama mara 1.3 kwa sekunde. Na springi iliyo ngumu zaidi kwa sehemu 30 katika mia hupenda mara 1.5. Mwalimu wa zamani alizoezwa kwa mwanafunzi mpole. Sasa ameletewa mkaidi. Ukimwacha yeye yule, uwezo wake wa kutuliza, ukilinganishwa na nguvu ya springi mpya, hupungua kwa sehemu 12 katika mia. Na hiyo ni hesabu ya shokapu mpya, sembuse iliyokwisha kutembea kilomita 100,000 Japani na nyingine kama hizo huku kwetu. Tena kwa kuwa gari limeshuka, pistoni yake huishi karibu na chini. Kiwanda cha Bilstein cha Ujerumani hutoa shokapu za namna mbili kwa gari moja: B6 kwa urefu wa kiwandani, na B8 iliyofupishwa kwa gari lililoshushwa. Kama kufupisha springi peke yake kungetosha, kiwanda kisingejisumbua kutengeneza ya pili. Lakini mnunuzi wetu huona springi kwa sababu zinabadili sura, haoni shokapu kwa sababu hazibadili sura. Naye hulipia kinachoonekana.

Watu wengine huchagua kwa kunakili. Husikia kwamba rafiki ana springi za kilo 6 kwa milimita, nao hutaka hizo hizo. Hawajui kwamba ugumu wa springi yenyewe si ugumu unaofika kwenye gurudumu. Springi ikikaa karibu na gurudumu, ugumu wake hufika karibu wote. Ikikaa mbali, penye wenzo, hupungua kwa mraba wa uwiano wa wenzo huo. Springi inayokwenda milimita 6 wakati gurudumu linakwenda 10 hufikisha sehemu 36 tu katika mia za ugumu wake. Impreza za kabla ya mwaka 2007 zilikuwa na miguu ya MacPherson mbele na nyuma. Kizazi kilichofuata kilipewa mikono miwili nyuma. Basi tarakimu inayofaa katika gari moja huweza kuwa upuuzi katika jingine lenye jina lile lile. Jina la gari si kipimo chake, kama jina la mtu lisivyokuwa tabia yake.

Yako pia mambo ya uwiano wa mbele na nyuma. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi na General Motors ya Marekani katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba inafaa springi za nyuma ziwe na mchezo wa haraka kidogo kuliko za mbele. Sababu yake ni nzuri kwa kuwa ni nyepesi: magurudumu ya mbele hukutana na tuta kwanza, na ya nyuma baadaye. Nyuma ikicheza upesi kidogo huifikia mbele, na bodi hutulia yote kwa pamoja; ikicheza polepole, gari hupiga mbizi na kuibuka kama mtumbwi penye mawimbi. Wenye kiwanda waliipima hesabu hiyo. Anayeshusha nyuma zaidi kwa sababu amependa mkao, au mbele zaidi kwa sababu ameona picha, ameifuta hesabu ya mwenzake pasipo kuisoma.

Mabaya kuliko yote ni ya yule asiyenunua hata springi, bali huagiza zake zikatwe kwa msumeno, au zichomwe kwa moto wa gesi mpaka zilegee. Ugumu wa springi hutegemea unene wa waya, upana wa mviringo, na hesabu ya mizunguko inayofanya kazi. Waya ukiongezwa unene kwa sehemu 10 katika mia, ugumu hupanda kwa sehemu 46, kwa kuwa unene huhesabiwa katika kipeo cha nne. Mizunguko 6 ikipunguzwa kuwa 5, ugumu huongezeka kwa sehemu 20. Kwa hiyo mkataji hupata springi ngumu zaidi ambayo hakuna aliyeipima, yenye ncha isiyokaa vyema katika kikalio chake. Na gari likirushwa na tuta, gurudumu likaning'inia, springi fupi kuliko nafasi yake hulegea na huweza kukaa upande. Na aliyechoma moto ameharibu matayarisho ya chuma, yaliyofanya chuma kile kiwe springi na si waya. Kazi hiyo hufanywa mchana, barabarani, mbele ya watu wenye shahada, nao hulipa na kushukuru.

Sisemi kwamba kushusha gari ni haramu. Wako wanaoshusha kwa ilimu, na haki yao lazima ielezwe. Ujerumani, nchi ya viwanda vya springi vinavyojulikana duniani, kama Eibach na H&R, springi za kushusha huuzwa pamoja na hati inayotaja ni za gari gani, na kwa uzito gani wa ekseli. Kifungu cha 19 cha kanuni za magari za nchi hiyo, ziitwazo StVZO, husema kwamba gari likibadilishwa kwa namna inayotazamiwa kuwahatarisha wengine, kibali chake cha kutembea hukoma. Kwa hiyo mtu hufunga springi, kisha hulipeleka gari kwa mkaguzi. Japani nayo, gari dogo haliruhusiwi kuwa na nafasi iliyopungua sentimita 9 baina ya tumbo lake na ardhi. Huko mtu hushusha kwa milimita zilizopimwa, kwa njia iliyo laini, chini ya macho ya sheria. Sisi tumeichukua picha, tukaiacha hati. Tumeiga matokeo tusiige kazi iliyoyaleta. Na huo ndio ugonjwa mkubwa kuliko wa springi.

Ajabu ya mambo ni kwamba nchi zetu zina historia ya magari ya kasi ambayo ingetosha kutufundisha. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu: mwaka 1965 kwa Volvo, na miaka ya 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland aliishinda kwa Subaru Impreza. Mashindano hayo yalirudi katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha. Waliokuja kutafuta kasi katika njia hizi walifanya nini? Waliyainua magari yao, wakayapa magurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, wakayaimarisha chini. Viwanda vyenye wahandisi na fedha, vikitaka ushindi na si uzuri, vililitazama vumbi letu na mawe yetu vikaamua kwamba mwendo wa kasi hapa hukaa juu. Na kijana apitaye katika mitaa ya nchi ile ile, katika gari lenye jina lile lile, hulishusha mpaka hulazimika kulivusha tuta kwa upande, kama kaa, huku matatu ikimpigia honi nyuma yake, akiamini kwamba anafuata nyayo za washindi!

Limebaki hoja la mwisho, nalo ndilo wasomi hulipenda: kwamba haya ni mambo ya ladha, na ladha haina hakimu. Hoja hili lina adabu kwa nje, na uvivu kwa ndani. Ndevu za mtu ni ladha yake. Rangi ya gari lake ni ladha yake. Nyimbo anazozisikiliza ndani ya gari lake ni ladha yake mpaka afungue madirisha. Lakini njia si ya mtu mmoja. Mama aliyeketi kiti cha nyuma hakuulizwa ladha yake. Mtoto wa shule asimamaye ukingoni mwa barabara hakuulizwa ladha yake. Mwenye baiskeli ajaye upande wa pili, gari likikataa kona, hatapewa nafasi ya kusema kwamba yeye hupenda magari yenye nafasi ya milimita 80. Ladha ambayo gharama yake hulipwa na asiyeichagua si ladha tena; ni dhuluma iliyopakwa rangi nzuri.

Basi achague vipi mtu atakaye kuchagua kwa akili? Kwanza apime, kwa rula na si kwa jicho, nafasi iliyobaki baina ya shokapu na raba ya kikomo, gari likiwa tupu na likiwa limejaa; na asikubali springi yoyote itakayomwachia, gari likijaa, nafasi ndogo kuliko njia anazopita zinavyotaka. Pili, asinunue springi ambayo muuzaji wake hawezi kumwambia ugumu wake kwa kilo na milimita, mbele na nyuma. Kama mizunguko imesongamana upande mmoja, ajue kwamba springi hiyo huanza laini ikaishia ngumu kadiri mizunguko ile inavyofungana, na aulize tarakimu zote mbili. Tatu, ahesabu springi na shokapu kuwa bei moja. Asiye na fedha za zote mbili hana fedha za kushusha gari. Nne, baada ya kufunga, magurudumu yainuliwe yaning'inie, ionekane kwamba springi haikulegea katika vikalio vyake. Kisha alaimenti ifanywe siku ile ile. Tano, kama anayoyatafuta kweli ni ushikaji wa kona, aanze na tairi nzuri, shokapu nzima na raba zisizopasuka, katika urefu ule ule wa kiwandani. Wengi wakifika hapo wataona kwamba gari walilokuwa wakilitafuta ndilo lile waliloletewa, ila lilikuwa halijatunzwa.

Nami najua kwamba ushauri huu hauna uzuri wa kupigwa picha. Gari lililochaguliwa springi kwa hesabu hupita mtaani pasipo mtu kugeuza shingo. Lakini likifika kona ya usiku yenye shimo, likiwa na watu watano ndani, litapita, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na jambo la kusimulia. Vyuo vyetu viliwafundisha vijana kanuni ya Hooke wapate kuitumia kwa ajili ya safari kama hiyo. Atakayeiacha dukani asiilaumu njia, wala shimo, wala mkono wa Mungu. Kwa maana hesabu ilikuwa yake, na rula ilikuwa mfukoni mwake.